Jina la Gari

Miaka kumi na minane naandika majina ya kanga,
ghorofa ya pili, Mchangani, dirisha la kaskazini.
Maneno sita, saba, yasipande juu ya ua,
yakae pale pindo linapoanza kuinama.
Nnajua kazi ya wino:
"Sina neno na mtu" huandikiwa mwenye maneno.

Juzi kaja Mcha, wa duka la magari Maisara,
viatu vinameta, tai imemkaba,
kaniwekea picha juu ya vitambaa:
gari jeusi, refu, limenyamaza
kama mgeni anayejua kuwa anatazamwa.
"Bi Zuwena, gari ni moja. Wanunuzi si wamoja.
Niandikie majina."

Nikamwambia: kanga hujifungi kiuno chako,
unajifunga macho ya jirani.
Nambie kwanza jirani ni nani.

Akatoa kidaftari.

Wa kwanza mkandarasi, Shaame Vuai.
Kajenga skuli tatu na nyumba moja,
na nyumba ndiyo isiyovuja.
Huyu anataka kupishwa, lakini asionekane anasukuma.
   *Honi siipigi mimi, barabara yanijua.*

Wa pili daktari wa meno, Salha,
miaka thelathini na minne, hajaolewa,
na mtaa mzima umemfungulia faili.
Kwake gari lisitaje mali. Litaje mlango,
na nani anaufunga.
   *Nenda nami au baki, ufunguo uko kwangu.*

Wa tatu kahiji mara mbili.
Anatamani, na anaona haya kutamani;
akipita dukani hutazama gari kwenye kioo cha duka la pili.
Nilidhani atanisumbua. Dakika tano tu:
   *Si fahari ni neema, na mpewa hakatai.*
Mcha akacheka mpaka tai ikalegea.
"Umemtoa dhambi mfukoni, ukamrudishia thawabu!"
Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuta kifutio.

Wa nne Hamad Faki, wa Konde.
Mwaka huu karafuu zimemshika mkono.
Nikamwandikia vilima vya Pemba na kiti cha baridi,
vumbi linalobisha hodi kwenye kioo lisifunguliwe.
Akalisoma bango pale bandarini Mkoani,
akarudi, akalisoma tena, akapiga simu:
"Maneno mazuri. Linapakia magunia mangapi?"

Mpaka leo Mcha hajamjibu.
Na mimi, kusema kweli,
hilo ndilo swali pekee lililouliza habari za gari.

Shaame alinunua. Siku ya tatu tu, pesa taslimu.
Lakini anakaa Sokomuhogo, nyumba ya marehemu babake,
uchochoro wa mabega mawili, la tatu lisubiri.
Gari linalala Vuga, chini ya taa, na mlinzi wa kulipwa,
na mwenyewe anarudi kwa miguu,
ufunguo unazunguka kidoleni.
Jana nilimkuta amejibana ukutani,
tumbo kaliingiza ndani, shati jeupe limechukua chokaa,
anapisha mkokoteni wa madumu ya maji.
Mchukuzi hakumtazama hata.
Mimi nilikuwa nyuma ya mkokoteni.
"Shikamoo, Bi Zuwena," akasema, kwa sauti ndogo,
na ufunguo akauficha kiganjani.
Hajui kuwa lile jina ni langu.
Nikaitikia marahaba, nikapita na mimi.

Usiku nikaitoa ile picha, nikaiegemeza kwenye taa.
Nikajaribu la wa tano:
mwanamke wa hamsini na moja, goti la kulia bovu,
ngazi ishirini na sita kila asubuhi,
hana jirani wa kumkomoa, wote wamehamia Fuoni.
Nikaandika neno moja: *Kaa.*
Nikalitazama.
Goti likalegea lenyewe, kabla sijaweka nukta.

Nikalichana. Vipande nikavitia kwenye chai iliyopoa,
nisije nikavisoma tena asubuhi.